Saa Kumi na Moja ya Uongo

Kidole cha Dorcas kilikuwa bado kimenyooka pale pale tulipokiacha Jumapili iliyopita, kikimwelekea Rispa usoni.

"Ndiye huyu!" alisema mjane kwa mara ya pili, na safari hii hata wanaume waliokaa upande wa pili wa turubai waligeuka. "Ndiye aliyekuwa na mume wangu jioni zote ambazo hakurudi nyumbani!"

Mwanamke aliyekuwa akimimina chai alisahau birika mkononi, kikombe kikafurika na chai ikatiririka hadi kwenye mkeka.

Rispa aliinuka.

"Dada Dorcas, tulikuwa kazini. Haki ya Mungu, tulikuwa tu kazini."

"Kazini?" Aliyedakia ni Mweri, dada wa marehemu, mwanamke ambaye mtaa mzima wa Junda unamjua kwa ulimi wake. "Mashine ya kadi huko kazini yasema Kalama alitoka saa kumi na moja. Kila siku ya Mungu, saa kumi na moja! Na hapa akifika watoto washalala. Toka Changamwe mpaka hapa, hata angekuja kwa magoti angewakuta macho. Hebu tuambie wewe mwana, hizo saa ndugu yangu alikuwa akizipeleka wapi?"

Kwa aliyetukuta njiani leo, mambo ni haya. Kalama alikuwa mhasibu katika ofisi ya Bwana Absalom, ghorofa ya juu kabisa, pale Changamwe wanapopita malori ya makontena. Rispa alikuwa msaidizi wake. Jumatatu jioni, katikati ya msimu wa kodi, Kalama alijishika kifua akaangukia meza yake. Rispa na Felix wa meza ya jirani walimteremsha ngazi wakimbeba, naye akakata roho ndani ya gari la Absalom kabla ya kufika hospitali. Huko hospitalini Absalom akasema wamemwokota barabarani. Na mashine ya getini, ile isomayo kadi za wafanyakazi, ikamtetea: Kalama alikuwa ameshatoka.

Mashine haikudanganya. Ilidanganywa. Katika ofisi ile Absalom hupita kati ya meza kila jioni na kusema kwa upole, "Jamani, saa kumi na moja," na watu wazima wenye vyeti vyao huinuka, huteremka kugonga kadi kuonyesha kwamba wameondoka, kisha hupanda ngazi zile zile na kurudi kazini hadi macho yawawashe. Saa za ziada hazilipwi, kwa kuwa kwa mashine hazipo. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba siku moja mke wa mtu angeziulizia.

Sasa Dorcas alikuwa akiziulizia mbele ya kadamnasi, na Rispa akaona jinsi alivyonaswa. Akinyamaza, Kalama anazikwa na jina la mzinzi. Akisema ukweli, kwamba jioni zote hizo Kalama alikuwa na yeye, amejihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

"Alikuwa na mimi," alisema hata hivyo, "lakini..."

Hakumaliza. Mweri alikuwa ameshamrukia. Kitambaa cha kichwa kilimtoka Rispa, na mkono wa pili ulikuwa unakuja aliposikia sauti nzito ikisema:

"Mama zangu, tuheshimu msiba."

Alikuwa Bwana Absalom, suti nyeusi, Biblia kwapani. Alimshika Rispa bega kama baba, akamwongoza hadi kwenye gari lake lililoegeshwa kando ya duka la simu, akafunga milango. Kelele za matanga zikakatika.

"Pole, binti yangu," alisema. "Watu wa msiba huwa hawana akili timamu."

"Boss, waambie ukweli. Tafadhali. Waambie alikuwa ofisini."

"Ukweli upi?" Absalom alitoa simu. "Huu?"

Kwenye kioo cha simu Rispa aliliona geti la ofisi likitazamwa kutoka juu, na msichana mwenye blauzi ya bluu akiisogelea mashine. Msichana aligonga kadi. Akatazama kushoto na kulia. Akatoa kadi nyingine, akagonga tena.

Msichana huyo alikuwa yeye mwenyewe, Jumatatu.

"Kadi ya pili ni ya nani?" Absalom aliuliza.

Rispa aligeuza uso dirishani.

"Basi nitakujibia. Ni ya marehemu. Wewe ndiye uliyemtoa, si mimi. Mimi sikukutuma. Unajua polisi wanaliitaje jambo hili? Wanaliita kughushi. Na ukishaingia kwenye vitabu vyao, hakuna bodi ya wahasibu itakayokuandikisha maisha yako yote."

"Lakini sote tunafanya hivyo! Ni wewe unayetuambia..."

"Nawaambia saa kumi na moja imefika. Kuna kosa gani kumtajia mtu saa?"

Rispa alianza kulia. Tuseme wazi, hakumlilia Kalama wakati huo. Alimlilia mama yake kule Bondo aliyeuza shamba la bondeni ili binti awe mhasibu. Alizililia zile karatasi za mafunzo ambazo Absalom peke yake ndiye awezaye kuzitia sahihi, na ambazo kwa miaka mitatu amekuwa akizitaja kila Rispa alipouliza habari ya mshahara. Wewe bado unajifunza, husema. Anayejifunza hupewa posho. Na posho yenyewe ilikuja ndani ya bahasha, mkono kwa mkono, ikitosha kodi ya chumba cha Magogoni na sukuma wiki.

"Nataka kukusaidia," Absalom alisema. "Leo anakuja bwana wa bima ya wafanyakazi. Akisikia mtu alifia ofisini jioni, ataleta watu wa leba, wakaguzi wa kazi wa serikali, wataanza kuuliza saa za kila mmoja wenu, na ofisi itafungwa. Wewe, Felix, wote mtakuwa barabarani. Ndivyo unavyotaka?"

"Hapana."

"Basi wewe nyamaza tu."

"Na hiyo video?"

"Unataka niifute?"

"Ifute, boss. Nakuomba. Ifute nikiona."

Absalom aliifuta, Rispa akiona. Kidole kimoja, na msichana wa blauzi ya bluu akatoweka. Rispa alishukuru. Ndiyo, wasomaji wangu, alimshukuru kwa sauti, mikono yote miwili ikiwa imekutana kifuani.

"Na kadi yako nipe," Absalom alisema, akinyoosha kiganja. "Isije ikakuletea balaa mfukoni."

Rispa alifungua pochi. Kadi zilikuwa mbili, yake juu na ya Kalama chini. Tangu Jumatatu zilikuwa humo, maana alipanda ngazi akidhani atamrudishia mwenyewe baada ya kazi. Alitoa yake, akafunga pochi haraka. Hata hakujua kwa nini aliificha ile nyingine. Labda kwa sababu Kalama alikuwa anacheka kwenye picha ya kadi ile.

"Vizuri," alisema Absalom. "Na sahihi yangu kwenye zile karatasi zako utaiona wiki ijayo. Kitu kimoja tu. Bwana wa bima akikuuliza, mwambie marehemu aliwahi kukuambia ana nyumba nyingine. Hapo Bombolulu, au popote."

Rispa aliinua uso. "Ulisema ninyamaze."

"Kunyamaza hakutoshi. Watu wanataka kujua alikuwa wapi. Tukiwapa mwanamke, wataridhika. Na afadhali awe mwingine kuliko wewe, au sivyo?"

Rispa aliufungua mlango. Joto la Junda likampiga usoni.

"Binti, fikiri!" Absalom aliita nyuma yake.

Alikuwa ameshafikiri. Alipita katikati ya mikeka bila kumtazama mtu, akafika kwenye chumba ambako Dorcas alikuwa amepelekwa kupumzika. Mweri alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wataka nini tena?"

"Nataka kuzungumza naye. Ukitaka kunipiga, nipige nikimaliza."

Huenda Mweri angempiga kabla. Lakini sauti ilitoka ndani, imechoka. "Mwache aingie, wifi. Nataka nimwone vizuri."

Dorcas alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda. Alimtazama Rispa kuanzia miguuni.

"Nilikuwa nakusikia," alisema. "Kwenye simu. Nikimpigia jioni nasikia sauti ya mwanamke nyuma yake, laini, haikomi. Namwuliza, Baba Linda, huyo nani? Aniambia ni kazi. Kazi gani yaongea vile? Nikajikaza. Nikajiambia mume wangu ni mtu wa kanisa. Halafu aja tajiri wake wa ofisini mbele za watu asema alikuwa akitoka mapema kila siku. Wewe ungeamini nini?"

"Nilikuwa namsomea," Rispa alisema.

"Wamsomea nini?"

"Hesabu. Mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi za mteja, mwingine anafuata kwenye kitabu na penseli, ndiyo tujue kama zinalingana. Ndivyo tunavyofanya. Mimi nilikuwa nasoma, yeye anafuata."

"Maneno matupu hayo," alisema Dorcas.

Rispa alipiga magoti. Hakuwa na karatasi yoyote, kwa hiyo alifumba macho, akaanza kusoma kutoka kichwani kama alivyosoma jioni zote zile, kwa ile sauti ya kuvuta ambayo mtu huipata anapochoka.

"Dizeli, elfu kumi na nne mia mbili. Tairi, elfu tisa mia nane. Mishahara ya makuli, elfu sitini na moja..."

Mweri alicheka kwa dharau kule mlangoni. Dorcas hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Na yeye?" aliuliza polepole. "Ukisoma hivyo, yeye alikuwa asemaje?"

"Anasema tiki. Kila moja ikilingana, anasema tiki."

Dorcas aliziba mdomo kwa kanga.

"Alikuwa aisema usingizini," alisema. "Wifi, wasikia? Ndugu yako alikuwa alala kando yangu asema tiki, tiki, tiki, na kidole kinatembea kwenye shuka. Mimi nikadhani ni jina la mtu."

Akalia. Kilikuwa kilio kingine, si kile cha hasira kilichosikika chini ya turubai. Rispa naye akalia, na safari hii alimlilia Kalama. Hapo ndipo alipopaswa kumwambia habari ya kadi. Aliujua wajibu wake, ulimi ukamgomea. Dorcas alikuwa amemshika mkono, na tangu Jumatatu hakuna mtu aliyekuwa amemshika mkono kwa wema.

"Inuka," Dorcas alisema, akijifuta. "Uje uyaseme hayo mbele ya mwenye bima."

Bwana wa bima, Gedion kwa jina, alikuwa ameshafika. Alikuwa kijana mwenye mkoba wa ngozi, amekalishwa kati ya wazee, soda mbele yake haijaguswa. Absalom alikuwa kulia kwake. Felix alisimama nyuma ya Absalom.

Dorcas alimleta Rispa kwa mkono hadi katikati ya turubai. Minong'ono ikaenea.

"Mume wangu alifia ofisini," alisema mjane. "Na huyu alikuwepo. Msikilizeni."

Rispa aliyasema. Alieleza mchezo wa kadi, kazi za jioni, kifua cha Kalama, ngazi, gari. Alisema yote isipokuwa lile moja. Gedion alisikiliza bila kuandika, kisha akamgeukia Absalom.

"Bwana, mfanyakazi wako anasema hivi."

Absalom alitikisa kichwa kwa huzuni. Mtu angedhani anaumia kweli.

"Tatizo ni kwamba huyu si mfanyakazi wangu."

"Eh!" Rispa alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka bila ruhusa.

"Hajawahi kuwa," Absalom aliendelea. "Bwana Gedion, mwulize. Ana mkataba? Ana hati ya mshahara, hata ya mwezi mmoja? Ana kadi ya ofisi?"

Gedion alimtazama Rispa. Turubai lote likamtazama.

Kila mwisho wa mwezi msichana huyu aliandaa hati za mshahara za madereva, matanboi wanaowasaidia kwenye malori, na walinzi wa kampuni za watu, akihakikisha kila mmoja amekatwa na kulipwa inavyostahili. Yeye mwenyewe hakuwa na hata moja. Alikuwa na bahasha tupu kule Magogoni, zisizo na jina. Kadi alikuwa ameitoa kwa mkono wake, na kumbukumbu za mashine zilikuwa mikononi mwa Absalom. Na kile kitu pekee duniani kilichomwonyesha akiwa getini, akigonga kadi mbili, alikuwa ameomba kifutwe, akashukuru kilipofutwa.

"Alikuwa na video!" alipiga kelele. "Kwenye simu yake! Ameifuta sasa hivi, kwenye gari!"

"Video ya nini?" Absalom alimpa Gedion simu. "Tafuta, bwana. Mimi sina siri."

"Felix!" Rispa alimgeukia. "Felix, si tulimbeba wote? Wewe ulishika miguu. Sema!"

Felix alikuwa na mke aliyejifungua mwezi ule ule. Alitazama viatu vyake.

"Mimi huwa namwona huyu dada getini," alisema. "Jioni. Akimsubiri Kalama."

Wanawake waliguna kwa pamoja. Mweri, ambaye kule chumbani alikuwa ameanza kulainika, alichemka upya.

"Kumbe! Na ile tiki ilikuwa ya nini, ya kutufanya wajinga? Lete hiyo pochi tuone wewe ni nani!"

Aliikwapua. Rispa aliivuta, zipu ikaachia, na vitu vyake vyote vikamwagika mbele ya wazee. Zilitoka funguo, kitambaa na chenji ya nauli.

Na kadi. Ilianguka ikiangalia juu, na Kalama akawacheka wote kutoka mchangani.

Gedion ndiye aliyeinama kwanza, lakini Dorcas alimwahi. Aliiokota, akaifuta mchanga kwa kidole gumba. Kisha akauachia mkono wa Rispa.

"Mbona unayo?"

"Dada..."

"Mume wangu amekufa, kadi yake iko kwenye pochi yako. Nauliza mbona unayo."

Absalom alifungua mikono kama mtu ambaye hana la kuongeza.

"Ni mimi niliyemgongea," Rispa alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wazee wainame wasikie. "Jumatatu kifua kilikuwa kinambana tangu mchana. Saa kumi na moja ilipofika, boss akapita kutuambia. Kalama akasema, 'Leo nikiteremka hizi ngazi sipandi tena, Rispa. Leo naenda zangu nyumbani.' Nikamwambia, 'Basi usijisumbue na ngazi, kaka. Kaa upumzike, nitakugongea mimi.' Nilimhurumia. Na pia... kazi ilikuwa imebaki nyingi, nikaogopa kuachwa nayo peke yangu. Akanipa kadi. Nikateremka, nikagonga zote mbili, nikapanda. Nikaendelea kumsomea."

Dorcas aliigeuza kadi mikononi. Aliposema, hakupaza sauti.

"Angeteremka mwenyewe angekuja nyumbani."

"Ndiyo," alisema Rispa.

"Nilikuwa nimempikia."

Rispa aliinamisha kichwa.

Gedion alifungua mkoba wake, akatoa kalamu. Alikuwa kijana, lakini kazi yake ilimfundisha kuuliza swali bila kupepesa.

"Mama, nisikilize. Kama anayosema huyu ni kweli, mumeo alifia kazini, na nitaandika hivyo, kila mtu akajibu kwa lake. Kama ni uongo, alifia njiani akitoka kwa mwanamke, nami naondoka, hakuna malipo. Wewe ndiye uliyelala naye, wewe ndiye uliyemjua. Unamwamini?"

Absalom alikuwa bado anatabasamu kidogo. Alijua alichokuwa akiulizwa mjane yule: achague kati ya mume msaliti na mume ambaye angekuwa hai lau si binti huyu aliyesimama mbele yake.

Dorcas aliibana kadi kifuani. Alimtazama Absalom. Alimtazama Felix, ambaye hakuthubutu kuinua kichwa. Mwisho akamtazama Rispa, msichana aliyemzuia mume wake asirudi nyumbani, na akafungua kinywa kujibu. Alichojibu tutakisikia Jumapili ijayo.